Uzi: Majina mawili, mkono mmoja? Namna ya kumtambua mwandishi bila kumzulia mtu

MwalimuKibokoni aliandika:

Assalaam alaykum, na salamu kwenu nyote.

Siku hizi katika vikundi vya mitaa yetu, Kisauni mpaka Changamwe, watu wameshika tabia ya kumsaka aliye nyuma ya jina. Mtu anaandika kwa jina la kubuni, labda analalamikia kamati ya maji au anahoji pesa za mlinzi zimekwenda wapi. Jioni haijaingia, ameshatokea mtu na picha ya skrini, maneno yamezungushiwa duara jekundu: "Tazameni! Huyu huandika 'hio' na fulani huandika 'hio'. Ni mtu mmoja." Basi fulani anaanza kusutwa, mkewe anaulizwa sokoni, na kikundi kinagawanyika. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nasoma mikono ya watu mchana kutwa, na jambo hili linaniuma. Kumtambua mwandishi kwa maandishi yake ni elimu ya kweli. Lakini wengi wanaanza na dalili isiyofaa kabisa.

"Hio" haimtambulishi mtu. Inatambulisha pwani nzima na sehemu kubwa ya bara. Kadhalika "hivo", "mwengine", "alieenda", "nshakwambia". Mtu wa Mvita atakuuliza "wenda wapi?", atakwambia "sikiza", atakupa miadi ya saa moja unusu. Ukiyakuta hayo katika maandishi mawili, ulichogundua ni kwamba waandishi wamelelewa mji mmoja. Na mji wenyewe, Mombasa, kwa sensa ya 2019, ulikuwa na watu 1,208,333 katika kaunti. Ndiyo maana nasema: dalili wanayoshirikiana watu wawili ihesabu kwanza kuwa ni ya mtaa, ya shule, ya rika au ya simu. Ukishaviondoa vyote hivyo na bado kitu kimebaki, hapo ndipo uanze kumfikiria mtu.

Dalili yenye uzito ina mambo mawili. Iwe adimu kwa majirani wa huyo mwandishi, na yeye mwenyewe asijue kuwa anayo. Hilo la pili ndilo watu husahau. Anayejificha hubadili msamiati kwanza. Ataacha methali zake, ataacha "wallahi" yake, hata atajifanya hajui kuandika. Asichokumbuka kubadili ni vijineno vinavyounga sentensi, kwa sababu havioni.

Wamarekani walikuwa na kesi kubwa ya namna hii. Mwaka 1787 na 1788 zilichapishwa makala 85 za kutetea katiba yao mpya, na nyingi zilitoka magazetini kwa jina la Publius. Nyuma ya jina hilo walikuwa watu watatu: Alexander Hamilton, James Madison na John Jay. Makala 12 zikazozaniwa kwa zaidi ya karne moja na nusu, huyu akisema ni za Hamilton, yule ni za Madison. Mada ilikuwa moja, hoja moja, hata fahari ya lugha ilikuwa moja. Kisha wataalamu wawili wa takwimu, Frederick Mosteller na David Wallace, wakayaacha maneno mazito na kuhesabu yale mepesi. Hamilton alipenda "upon", Madison karibu halitumii. Hamilton aliandika "while", Madison "whilst". Mwaka 1964 walipotoa matokeo yao, makala zote 12 zilimwelekea Madison.

Sasa tujiulize, "upon" yetu ni ipi?

Mtazame mtu anavyorejesha jina. Mmoja ataandika "jirani aliyehama", mwingine "jirani ambaye alihama". Zote mbili sahihi, hakuna mwalimu atakayezipitishia kalamu nyekundu, na ndiyo sababu mwandishi hazifikirii. Tazama anavyotoa sababu: kuna wa "kwa sababu", wa "kwa kuwa", wa "kwani", wa "maana", na wa "sababu" tupu. Sharti nalo: "akija", "iwapo atakuja", "endapo atakuja", "kama atakuja". Mahali: "sokoni", "kwenye soko", "katika soko". Tendo lililokwisha: "nimeshamwambia", "nishamwambia", "nimemwambia tayari". Kila mmoja wetu ana kiwango chake, na kiwango hicho hakibadiliki sana akiandika kuhusu mpira au kuhusu mirathi.

Hapa niseme neno kwa wanaotegemea programu. Nyingi zimetungwa kwa Kiingereza, kwa hiyo huhesabu neno zima lililotengwa kwa nafasi. Kiswahili huficha nusu ya tabia ya mtu ndani ya kitenzi. "Aliyekuja", "aliyekwenda" na "aliyekaa" kwa mashine hiyo ni maneno matatu yasiyojuana, wakati kwetu ni tabia moja. Mashine inayohesabu vipande vya herufi nne itaiona "liye" mara tatu na itakuwa imekaribia ukweli zaidi.

Nionyeshe kwa mfano. Jumbe hizi tatu nimezitunga mimi, ili nisimwanike mtu.

Jirani Mwema: "Hio bili imelipwa au haikulipwa? Tulioko ghorofa za juu tunaumia, maana hata pampu haifiki. Iwapo kamati imeshindwa, iseme; tusifichwe."

Msema Kweli: "Mlinzi aliyeletwa mwezi jana hafai. Analala, maana hata geti huwa wazi usiku. Iwapo ana mkataba, uwekwe wazi; tusidanganywe."

Na fulani, kwa jina lake halisi: "Jamani hio maji imekatika kwa sababu bili haikulipwa. Kama kamati itaitisha mkutano mimi ntakuja, na wale ambao hawalipi pia waje."

Mtaa mzima utasema Jirani Mwema ni fulani: wote wawili "hio", wote wawili bili. Mimi nasema yatazameni tena. Fulani hutumia "kwa sababu", "kama" na "ambao". Jirani Mwema hutumia "maana hata", huanza sharti kwa "Iwapo", hurejesha ndani ya neno lenyewe. Halafu anaweka nukta-mkato na kufunga kwa "tusi-" iliyotendwa. Hayo yote anayo Msema Kweli, ambaye hakuandika "hio" hata mara moja na anazungumza jambo jingine kabisa. Walio karibu ni hao wawili, na fulani yuko mbali nao. Na bado sitamshika mtu yeyote kwa sentensi tatu. Ningetaka kurasa na kurasa za kila mmoja kabla sijafungua mdomo.

---

FeriYaLikoni aliandika:

Maalim, shukran sana. Mimi hio nukta-mkato ndio imenishika. Hapa kwetu nani aweka nukta-mkato kwa WhatsApp? Ni yule alofanya kazi ya ofisi. Kuna na jambo jengine. Shangazi yangu alisomea kupiga chapa miaka ile ya mashini za taipu, na mpaka leo akimaliza sentensi ataruka nafasi mbili ndipo aanze nyengine. Hata kwa simu. Mimi nikiona nafasi mbili najua ni yeye. Je, hio si dalili adimu?

---

MwalimuKibokoni aliandika:

Ni adimu ndani ya nyumba yenu, ndugu yangu, na kwa familia yenu inatosha. Ukitoka nje ya nyumba inakuwa alama ya rika zima na chuo kizima. Kila aliyefundishwa taipu zama zile alifundishwa nafasi mbili.

Ulimwengu mzima umelihangaikia jambo hilihili. Aliyetunga Bitcoin alitoa waraka wake mwishoni mwa Oktoba 2008 kwa jina la Satoshi Nakamoto, na watu wakaona upesi kwamba huruka nafasi mbili baada ya nukta na mara nyingi hufuata tahajia ya Uingereza. Kwa dalili hizo na nyingine wametajwa watu wengi, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyethibitishwa. Mwaka 2014 jarida moja la Marekani lilimtaja mzee mmoja wa California. Mzee akakana, na huku waandishi wa habari wanamwandama kwa magari barabarani. Kosa la wanaotumia dalili hizo ni kuhesabu wenye dalili miongoni mwa watu wanaowashuku tu, wakasahau kuhesabu wenye dalili duniani.

---

Dada_Kizingo aliandika:

Mwalimu, na simu je? Simu yangu ina tabia zake. Nikiandika jina la mtu mara moja kwa herufi kubwa, italiandika hivyo daima. Kuna maneno ya Kiswahili inayageuza Kiingereza nisipokuwa macho. Mume wangu akiishika simu yangu akajibu ujumbe, yanatoka makosa yaleyale. Mtu akitulinganisha atasema mume na mke ni mkono mmoja.

---

MwalimuKibokoni aliandika:

Dada, umenena jambo ambalo wapiga picha za skrini hawalifikirii kabisa. Kwanza ondoa yote ya simu: herufi kubwa, maneno yaliyogeuzwa, emoji zinazojipendekeza zenyewe. Ondoa pia yanayotoka kwa kunakiliwa, maana salamu ndefu ya Ijumaa na dua zake zimepita mikono elfu kabla hazijafika kwako. Kinachobaki ni kidogo, na kidogo hicho ndicho cha mtu.

Kuhusu wewe na mumeo, kuna ukweli zaidi ya simu. Wanaoishi pamoja huambukizana sentensi. Huliona kila muhula: wanafunzi wawili wanaokaa dawati moja huanza kufungua aya kwa neno moja, na ukiwauliza nani alimwiga mwenziwe hawajui. Ndiyo maana ndugu, wanandoa na mwalimu na mwanafunzi wake ndio wagumu zaidi kutenganisha.

---

Mgosi_Tanga aliandika:

Mkuu, salamu kutoka Tanga. Mimi naona kuna watu ambao wakisoma sentensi moja tu wanajua. Kuna yule jamaa wa Marekani ambaye alikuwa anatuma mabomu kwenye posta. Si alikamatwa kwa maandishi? Tena aliyemjua ni ndugu yake, hakutumia hesabu wala mashine.

---

MwalimuKibokoni aliandika:

Mgosi, karibu sana. Kesi hiyo naipenda kwa sababu inaonyesha mpaka ulipo.

Ted Kaczynski alituma mabomu tangu 1978, akaua watu 3 na kujeruhi 23. Septemba 1995 gazeti la Washington Post likachapisha waraka wake wa maneno kama 35,000. Mke wa mdogo wake David ndiye aliyeanza kushuku. David alipousoma akakutana na msemo "cool-headed logicians", akamsikia kaka yake. Ulikuwa msemo adimu, na David alikuwa amesoma barua za Ted miaka na miaka. Hata hivyo hakwenda kumtangaza mtaani. Yalitafutwa maandishi ya zamani ya Ted, ikiwamo insha aliyoiandika 1971, yakalinganishwa na waraka, mahakama ikatoa idhini ya upekuzi. Aprili 1996 kibanda chake cha Montana kilipopekuliwa, humo ndani mlikuwa na vifaa vya mabomu na waraka wenyewe. Maandishi yaliwaelekeza wapi pa kutazama. Ushahidi ulikuwa kibandani.

Linganisha na kikundi cha mtaa. Hakuna idhini, hakuna kibanda, na anayelinganisha ndiye huyohuyo aliyetukanwa jana.

---

Malenga_wa_Bondeni aliandika:

Mwalimu, nami niingie kwa upande wa mashairi, maana sisi tumezoea lakabu tangu zamani. Malenga huwa na jina la ushairi analolitia katika beti za mwisho, na msikilizaji mzoefu humjua kabla hajafika huko. Lakini hesabu yako ya vijineno nina shaka nayo katika utungo. Mizani ni nane kwa nane. Nikihitaji mizani moja zaidi nitaandika "ambaye", nikibanwa nitaandika "aliye". Hapo kinachochagua ni mizani, moyo wangu haumo. Vilevile nitasema "n'endapo" mahali ambapo katika nathari nisingethubutu. Ukinihesabu hivyo utapata malenga watatu ndani yangu.

---

MwalimuKibokoni aliandika:

Umesema kweli tupu, na umenisaidia, maana sikutaka mtu aichukue hesabu hiyo akaitie kwenye ushairi. Katika shairi nitatafuta kwingine. Nitatazama vina anavyovirudia akiishiwa, maana kila malenga ana vina vya akiba. Nitatazama kituo chake: hukirudia kilekile beti zote, au hukigeuza kila ubeti? Maana inamalizika ndani ya mshororo, au inavuka kwenda wa pili? Na akibanwa na mizani huvunja nini kwanza? Hilo la mwisho nalithamini kuliko yote. Wote hubanwa, lakini kila mmoja ana mlango wake wa kutokea.

Na hapa kwetu suala hili si la juzi. Muyaka bin Haji, mtu wa Mvita, alifariki karibu na 1840. Tungo zake zilibaki vinywani na katika karatasi za herufi za Kiarabu, mpaka Mwalimu Sikujua alipozikusanya baadaye katika karne hiyo akishirikiana na mmishonari W. E. Taylor. Kitabu hakikutoka mpaka 1940, kwa mkono wa William Hichens. Karne nzima baina ya malenga na chapa! Ndani ya karne hiyo tungo ya Muyaka na ya Mmvita mwenziwe aliyejibizana naye zilisomwa barazani siku moja, kwa lahaja moja na bahari moja. Anayetaka kujua ipi ni ya nani hawezi kuegemea Kimvita, kwa sababu wote wawili walikuwa Wamvita. Ni lilelile la "hio".

---

BintiMajengo aliandika:

Mwalimu, nimesoma uzi huu wote nikiwa na uchungu. Dada yangu mkubwa alitolewa kwenye chama cha akina mama kwa jambo hilihili. Kulikuwa na jina la bandia lililoandika kuhusu hesabu za chama, na mmoja akasema ni dada kwa sababu wote wawili huandika "walakini" mwanzo wa sentensi. Mama yetu huandika hivyo, shangazi zetu huandika hivyo, ustadhi aliyetufundisha chuoni aliandika hivyo. Hakuna aliyesikiliza. Mpaka leo kuna watu hawampi salamu. Angefanya nini?

---

MwalimuKibokoni aliandika:

Pole sana, binti yangu, na umpe dada pole yangu. Mtu aliyelelewa kwa "walakini" hana la kujitetea nalo isipokuwa wengine waliolelewa nayo. Basi hao ndio wa kuletwa. Mwambieni aliyemtuhumu: weka maandishi ya dada pamoja na ya wanachama wengine watano wa rika moja naye, wa mtaa mmoja, na hilo jina la bandia katikati, majina yote yakiwa yamefunikwa. Mpe mtu asiyeujua ugomvi. Kama hawezi kuyatenganisha maandishi ya dada na ya hao watano, tuhuma imekufa.

Hii si hila yangu. Mwaka 2013 gazeti la Sunday Times la Uingereza lilipodokezwa kwamba riwaya ya "Robert Galbraith" ni ya J. K. Rowling, Patrick Juola, mtaalamu wa kompyuta aliyeombwa aichunguze, hakuilinganisha na ya Rowling peke yake. Aliweka pia riwaya za waandishi wengine wanawake wa Uingereza, akapima urefu wa maneno, maneno mepesi yanayorudiwa zaidi, jozi za maneno na vipande vya herufi nne. Vipimo kwa ujumla vilimwelekea Rowling, na hata hapo Juola alisema tu kwamba inaelekea ni yeye. Aliyekata shauri ni Rowling mwenyewe alipokiri. Mtaalamu mwenye vitabu vizima mkononi alisita, na chama cha akina mama kikahukumu kwa neno moja.

Na kuna jambo nitalisema wazi hata kama litawaudhi baadhi yenu. Aliyeuliza hesabu za chama aliuliza swali. Swali hilo limejibiwa? Mara nyingi naona msako wa mwandishi unaanza pale ambapo jibu halipo. Wako majirani wanaojificha kwa sababu wanaripoti maskani ya mihadarati, au kwa sababu mwenye nyumba atawafukuza. Anayemvua mtu jina aiulize kwanza nafsi yake atakuwa amemfikisha wapi.

---

BintiMajengo aliandika:

Halijajibiwa. Nitamwonyesha dada. Ahsante Mwalimu.

---

FeriYaLikoni aliandika:

Maalim swali la mwisho. Siku hizi mwengine aandika kwa kuipa mashini ya akili bandia imtengezee. Ujumbe waja umenyooka, hauna "hio" wala "hivo". Hapo dalili zabaki wapi?

---

MwalimuKibokoni aliandika:

Hupungua sana. Vijineno ndivyo vinavyolainishwa kwanza, na watu wanne waliopitia mashine moja watafanana kuliko ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo sasa kuna kundi jipya la kuondoa kabla ya kumfikiria mtu: pamoja na mtaa, shule, rika na simu, ongeza mashine. Kinachosalia ni yale anayoyachagua kusema, mpangilio wa malalamiko yake, lipi analiweka mbele na lipi halitaji kamwe. Hayo yanamwonyesha mtu, lakini pia ni mepesi kuigwa na adui yake, basi uzito wake ni mdogo. Kwa maandishi ya namna hiyo mimi nakataa kutoa rai, hata nikiulizwa na rafiki.

---

Malenga_wa_Bondeni aliandika:

Mwalimu, ninazo tungo za malenga watatu wa hapa Mvita, na wamenipa ruhusa. Niziweke hapa bila majina, tuone kama utawatenganisha?

---

MwalimuKibokoni aliandika:

Ziweke. Toa lakabu katika beti za mwisho, na uzipange zote kwa tahajia moja ili nisisaidiwe na uandishi. Zisipungue beti ishirini kwa kila mmoja, za mada tofauti. Na kama unaweza, tia na malenga wa nne ambaye hutaniambia kuwa yumo.